Nani Yuko Upande wa Pili wa Waya?

   

Leo nitazungumza zaidi na watu wa maofisini. Nawataja wauguzi, makarani, wahadhiri, maofisa wa halmashauri, na zaidi ya wote mafundi wetu wa TEHAMA. Lakini kama wewe ni mvuvi, au mama unayeanika dagaa pale Mwaloni Kirumba, nakuomba usihame stesheni. Jina lako, namba yako ya simu, na pengine majibu ya vipimo vyako vya hospitali, vimo ndani ya kompyuta za hawa ninaozungumza nao. Wakikosea wao, anayeumia ni wewe.

Swali letu la leo ni hili. Mfanyakazi anapofika kazini asubuhi, akawasha kompyuta, akaandika jina lake na nywila yake, ile nywila inakwenda wapi? Na anajuaje kwamba aliyeipokea ndiye aliyestahili kuipokea?

Tuifuate hiyo nywila polepole.

Ofisi yenye kompyuta mbili au tatu haina shida. Kila kompyuta inawajua watu wake. Lakini chukua hospitali kubwa. Muuguzi wiki hii yuko wodi ya wazazi, wiki ijayo yuko wodi ya watoto, usiku mwingine yuko mapokezi. Huwezi kumwandikisha kwenye kila kompyuta ya kila wodi, halafu akibadilisha nywila uzizungukie zote. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi kina shida hiyohiyo, na kila Oktoba wanaingia wapya. Kwa hiyo taasisi huweka seva moja inayotunza orodha ya watu wote mahali pamoja: jina, cheo, idara, simu, barua pepe, makundi ambayo mtu yumo, na siri ya kuhakikia nywila yake. Orodha hiyo mafundi huiita saraka. Mfumo wa barua pepe ukitaka kujua wewe ni nani, unaiuliza saraka. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaiuliza saraka. Waya-fai ya chuo inaiuliza saraka. Hata ile mashine kubwa ya fotokopi kwenye korido, inayoskani hati na kuzituma kwa barua pepe, nayo inaiuliza saraka.

Lugha ambayo mifumo hiyo hutumia kuuliza inaitwa LDAP. Ilizaliwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati ule kulikuwa na saraka za kimataifa zilizojengwa kwa viwango vya X.500, nazo zilikuwa nzito mno kwa kompyuta za mezani. Tim Howes na wenzake wakatengeneza njia nyepesi ya kuzifikia. Maelezo yake rasmi yalitoka mwaka 1993, na toleo la tatu, ambalo ndilo tunalolitumia mpaka leo, likatoka 1997. Baadaye kidogo ikaja programu huria ya OpenLDAP, iliyotokana na kazi ileile ya Michigan, na Microsoft nayo ikaiingiza lugha hiyo katika Active Directory, iliyokuja na Windows 2000. Fundi wa Mwanza anayesimamia saraka leo, kwa kawaida anasimamia mojawapo ya hizo mbili.

Sasa sikiliza vizuri, maana tatizo lilianzia hapa.  Namna ya kawaida kabisa ya LDAP ya kumtambua mtu ni kupeleka jina na nywila kwenye seva kama zilivyo, herufi kwa herufi. Seva inasikiliza kwenye poti namba 389, inapokea, inalinganisha, inajibu ndiyo au hapana. Nywila ikiwa ni Nyamagana ikifuatiwa na mwaka wako wa kuzaliwa, basi hilo neno linapita kwenye waya likisomeka vilevile. Yeyote aliye kwenye njia hiyo, akiwa na programu ya bure kama Wireshark, ambayo wanafunzi wa mitandao hufundishwa darasani, anaweza kulisoma. Hahitaji kuvunja chochote. Anasoma tu.

Narudia, kwa aliyefungua redio sasa hivi: saraka isipolindwa, nywila za wafanyakazi zinaweza kupita kwenye mtandao wa ofisi zikisomeka. Na kwa kuwa mifumo yote inaiuliza saraka moja, nywila moja iliyoibwa inafungua milango yote ya mtu huyo, kuanzia barua pepe, faili za wagonjwa, alama za mitihani, hadi mfumo wa malipo.

Hapa kuna jibu ambalo nimelisikia mara nyingi: "Sisi mtandao wetu ni wa ndani, watu wa nje hawafiki." Nakuuliza wewe mkuu wa taasisi, huko ndani yuko nani? Wako wanafunzi wa mazoezi kwa vitendo wanaokuja miezi miwili na kuondoka. Wako mafundi wa kampuni ya nje waliokuja kufunga kamera. Wako wageni na wagonjwa uliowapa waya-fai, na pengine hiyo waya-fai haikutenganishwa na mtandao wa ofisi. Iko swichi imewekwa chini ya ngazi, kisanduku hakina kufuli. Na Mwanza yetu hii ni mji wa mawe. Kuchimba mtaro wa nyaya katikati ya miamba si kazi ndogo, ndiyo maana si ajabu kukuta majengo mawili ya taasisi moja yakiunganishwa kwa antena kutoka kilima hadi kilima, au kituo cha afya cha kisiwani kikiwasiliana na seva ya mjini kwa mawimbi yanayopita juu ya ziwa. Mtandao unaopita angani juu ya Ziwa Victoria unaitwaje wa ndani?

Na mwizi hahitaji nywila peke yake. Saraka ina majina, vyeo na namba za simu. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wengi hatudanganyiki kwa sababu mtumaji hatumjui. Lakini mtu akijua jina lako, idara yako, jina la bosi wako na namba ya mhasibu wenu, ujumbe atakaoutunga utakuwa na sura nyingine kabisa.

Dawa ipo, na si ya jana. Inaitwa usimbaji fiche. Mawasiliano kati ya kompyuta yako na saraka yanavurugwa kwa hesabu, yasisomeke isipokuwa na wale wawili wenye ufunguo. Utaratibu unaotumika ni TLS, huohuo unaolinda tovuti za benki. Kwa saraka kuna njia mbili za kuuwasha. Ya kwanza ni kuwa na poti ya pekee, namba 636, ambayo tangu mwanzo wa mazungumzo kila kitu kimefichwa. Ya pili inaitwa StartTLS: mnaanza kwenye poti ileile ya 389 kwa maneno ya wazi, kisha kompyuta inaomba, "tuanze kuficha", seva inakubali, na kuanzia hapo kila kitu kinafichwa.

Njia hizi zote mbili ni nzuri. Ila hiyo ya pili ina mtego ambao nataka mafundi waushike. Programu nyingi zimewekwa kujaribu StartTLS, na ikishindikana ziendelee hivyohivyo bila kuficha. Mwizi aliye katikati anachofanya ni kuizuia ile "tuanze kuficha" isifanikiwe. Kompyuta inaona imeshindikana, inaendelea, inatuma nywila wazi. Katika zana za OpenLDAP tofauti ni herufi moja tu. Ukiandika amri ya kutafuta kwa Z moja, unasema jaribu kuficha. Ukiandika Z mbili, unasema ficha au acha kabisa. Herufi moja, fundi wangu! Iandike.

Basi tumeficha. Tumemaliza? Hapana. Na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo.

Mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha jambo lililowashangaza wengi. Walionyesha kwamba watu wawili wasiojuana, wakizungumza hadharani huku kila mtu akisikia, wanaweza kukubaliana siri ambayo wasikilizaji hawataijua. Sehemu kubwa ya usalama wa intaneti imejengwa juu ya wazo hilo. Lakini hesabu ile haikuambii uliyekubaliana naye ni nani. Unaweza kupanga siri imara kabisa na mwizi mwenyewe. Mawasiliano yatafichwa vizuri, hakuna mtu wa tatu atakayeyasoma, na kila unachosema kitamfikia mwizi peke yake.

Ndiyo maana usimbaji unahitaji mwenzake, ambaye ni cheti.

Cheti cha kidijitali ni kitu gani? Fikiria umekwenda kufungua akaunti benki pale barabara ya Kenyatta, nao wanakuambia ulete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Unarudi kwa mtendaji wako, labda Mabatini au Igoma. Anaandika jina lako, anabandika picha yako, anagonga muhuri nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi, anatia saini na tarehe. Ukirudi benki, yule karani wa dirishani hakujui, hajawahi kukuona. Lakini anaijua ofisi ya mtaa na anauamini muhuri wake. Anaangalia mambo kadhaa kwa mpigo: muhuri ni wa kweli? Jina linafanana na ulilojaza kwenye fomu? Barua si ya miaka mitatu iliyopita? Na picha ni ya huyu aliyesimama mbele yangu?

Cheti cha seva kinafanya kazi hiyohiyo. Ndani yake kuna jina la seva, ufunguo wake wa hadharani, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na saini ya mamlaka iliyokitoa. Kompyuta yako ikikipokea inauliza maswali yaleyale ya karani wa benki. Saini ni ya mamlaka ninayoiamini? Jina kwenye cheti ni la seva niliyokusudia kuzungumza nayo? Muda wake haujaisha? Na mwisho, seva inadaiwa ithibitishe kwamba inao ule ufunguo wa siri unaoendana na cheti, maana kunakili cheti cha mtu ni rahisi, lakini bila ufunguo wa siri hakikusaidii kitu.

Maswali hayo yakijibiwa vizuri, nywila inatumwa. Jibu moja likikosekana, mawasiliano yanakatwa.

Yanakatwa, msikilizaji. Na hapo ndipo watu wetu wanapoanza kuharibu.

Hebu ona hali yenyewe. Fundi amekaa mpaka saa nne usiku anahamisha mfumo. Amewasha TLS kama alivyofundishwa. Inakuja kosa: cheti hakiaminiki. Anajaribu tena, kosa lilelile. Asubuhi wagonjwa watakuwa kwenye foleni, mkuu anapiga simu. Anatafuta msaada kwenye intaneti, anaambiwa aweke mstari mmoja kwenye faili la mipangilio: TLS_REQCERT, halafu neno never, yaani cheti kisidaiwe kamwe. Au kwenye programu nyingine kuna kisanduku cha kutiki: usihakiki cheti. Anatiki. Mfumo unafunguka. Anashukuru Mungu, anakwenda kulala. Na kwenye ripoti anaandika, kwa nia njema kabisa, kwamba mawasiliano ya saraka yamesimbwa.

Ni kweli yamesimbwa. Lakini kuanzia usiku ule, kompyuta zote zilizowekwa hivyo zinakubali cheti chochote, kutoka kwa yeyote. Mtu aliyejipenyeza kwenye mtandao anaweza kujifanya ndiye seva, akatoa cheti alichokitengeneza mwenyewe kwa dakika moja, kompyuta ikakubali, nywila ikasimbwa vizuri na kumfikia yeye. Anaifungua, anaisoma, anaandika pembeni, kisha anaipeleka kwa seva halisi ili mambo yaendelee. Muuguzi anaingia kama kawaida. Hakuna kengele inayolia, na hakuna anayelalamika.

Nasema tena, na kama utashika jambo moja tu leo ushike hili: kuficha mawasiliano bila kuhakiki cheti hakumzuii mtu aliyejiweka katikati.

Je, haya hutokea duniani? Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi iliyoitwa DigiNotar, ambayo kazi yake ilikuwa kutoa vyeti, iliingiliwa na wahalifu. Wakatoa vyeti vya uongo, kimojawapo kwa jina la Google, na vikatumika dhidi ya watumiaji wa Gmail nchini Iran. Watu wale waliona mawasiliano yao yamefichwa, na kweli yalikuwa yamefichwa, lakini upande wa pili kulikuwa na mtu mwingine. Vivinjari viliiondoa DigiNotar kwenye orodha ya wanaoaminika, na Septemba ya mwaka huohuo kampuni ikafilisika. Kwa sisi wenye saraka za ndani, funzo lake ni la vitendo kabisa. Kompyuta yako haina haja ya kuamini mamlaka mia za dunia nzima ili izungumze na seva iliyoko chumba cha pili. Taasisi inaweza kuanzisha mamlaka yake ndogo ya vyeti kwa programu huria ya OpenSSL, ikatoa cheti cha seva yake, na kuziambia kompyuta zake: kwa saraka, amini saini hii peke yake. Haina gharama ya leseni. Gharama yake ni nidhamu, kwa sababu ule ufunguo wa siri wa mamlaka unatakiwa ukae nje ya mtandao, umefungiwa kwenye kabati la chuma, na usitumwe kamwe kwa WhatsApp hata kama mwenzako yuko Dodoma na ana haraka.

Sasa nirudi kwa yule fundi wa saa nne usiku, kwa sababu simlaumu peke yake. Kwa nini cheti chake kilikataliwa? Mara nyingi sababu ni ndogo, na mtu akizijua hatakuwa na haja ya kuzima uhakiki.

Sababu moja ni kwamba kompyuta haikupewa cheti cha mamlaka. Inatakiwa iamini saini ambayo haijawahi kuiona. Dawa ni kukisambaza cheti hicho kwenye kila kompyuta, kazi ya siku moja au mbili, basi.

Nyingine ni jina. Cheti kinasema seva inaitwa saraka, nukta, jina la taasisi, lakini fundi ameiandikia programu namba ya IP. Karani wa benki naye angekukataa kama fomu ina jina moja na barua ina jina lingine. Andika jina lilelile lililo kwenye cheti.

Halafu kuna saa. Hii naisema kwa mkazo kwa ajili ya umeme wetu. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara inayoshikilia saa wakati umeme umekatika. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inaamka ikidhani tuko miaka mingi nyuma. Inasoma cheti chako cha mwaka huu, inaona hakijaanza kutumika, inakikataa. Wengi wamehangaika na TLS kutwa nzima, kumbe tatizo ni betri ya bei ndogo dukani. Badilisha betri, na uziweke kompyuta zote zichukue saa kutoka seva moja ya mtandao.

Na kuna tarehe ya kuisha, ambayo hata wakubwa imewaangusha. Tarehe 6 Desemba 2018, nchini Uingereza, wateja wa mtandao wa simu wa O2 walikosa intaneti kwa karibu siku nzima. Walikuwa zaidi ya milioni 30. Chanzo kilikuwa cheti kilichoisha muda ndani ya programu za kampuni ya Ericsson. Cheti kimoja, kimeisha, hakuna aliyekumbuka. Kama imewapata hao wenye wahandisi maelfu, itakupata na wewe mwenye mafundi wawili. Na mambo yanaelekea kuwa ya haraka zaidi: vyeti vya hadharani vya tovuti vimeamuliwa vipunguzwe muda hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo mwaka 2029. Vyeti vya mamlaka yako ya ndani havibanwi na uamuzi huo, lakini tabia ya kuhuisha vyeti kwa programu, badala ya kutegemea kumbukumbu ya mtu, tuianze sasa.

Tumezungumzia seva kujitambulisha kwa kompyuta. Na kompyuta nayo ijitambulishe kwa seva? Inawezekana, na kwa baadhi ya mambo ni bora sana.

Nitakupa mfano. Mfumo wa wagonjwa unapotaka kuuliza saraka, nao huingia kwa jina na nywila yake. Nywila hiyo imeandikwa kwenye faili la mipangilio, inasomeka. Aliyefunga mfumo anaijua, aliyekuja kumsaidia anaijua, aliyeacha kazi mwaka juzi anaijua. Haijabadilishwa kwa sababu kila mtu anaogopa mfumo utazima. Badala yake, mfumo unaweza kupewa cheti chake na ufunguo wake wa siri. Unapofika kwa saraka, seva inadai cheti, inakihakiki, na kutokana na jina lililomo inajua huyu ni nani na anaruhusiwa kusoma nini. Hakuna nywila iliyosafiri. Seva ikiibwa, au laptopu ya fundi ikipotea stendi ya Nyegezi, unakifuta kile cheti kimoja na wengine wanaendelea na kazi. Sishauri uanze kwa kumpa kila mfanyakazi cheti chake, utachoka na utaacha. Anza na mifumo inayozungumza na saraka, hesabu yake kwa kawaida ni ndogo.

Na usiisahau ile mashine ya fotokopi. Wengi huiwekea jina na nywila ya kuingilia kwenye saraka, halafu ukurasa wake wa mipangilio unabaki na nywila ya kiwandani. Mtu akiingia humo, anabadilisha anwani ya saraka iwe kompyuta yake mwenyewe, anabonyeza kitufe cha kujaribu, na mashine inamletea nywila mkononi. Ingehakiki cheti, ingekataa.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya nchi nyingine. Hapana, ni ya hapa, na yana sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamshughulikia anayenasa mawasiliano ya watu isivyo halali. Lakini iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo na inafanya kazi. Sheria hii inamgeukia mwenye kutunza taarifa: taasisi inayokusanya majina na taarifa za watu inawajibika kuzilinda. Kwa maoni yangu, mkuu wa taasisi ambaye saraka yake inapeleka nywila wazi mwaka huu hawezi kusema hakujua. Microsoft wenyewe walitoa tahadhari kuhusu mipangilio dhaifu ya LDAP tangu mwaka 2019, na matoleo ya zamani ya TLS, lile la kwanza na lile la pili, yalistaafishwa rasmi mwaka 2021. Kama seva yako bado inayakubali, yazime.

Nakaribia kumaliza muda wangu, kwa hiyo niseme na wakuu wa hospitali, vyuo, shule na halmashauri za Kanda yetu ya Ziwa, kuanzia Bukoba hadi Musoma. Huna haja ya kuwa fundi ili ujue hali ya ofisi yako. Mwite fundi wako, mpe kiti, muulize kwa utulivu: mifumo gani inazungumza na saraka yetu, na iko mingapi ambayo bado inatuma nywila wazi? Upo wowote ambao umeambiwa usihakiki cheti? Cheti cha seva kinaisha lini, na nani mwingine zaidi yako anaijua tarehe hiyo?

Kisha mwambie akuonyeshe jaribio moja. Aweke pembeni seva ya majaribio yenye cheti cha uongo, aielekeze kompyuta huko, ajaribu kuingia kwa jina la majaribio. Kompyuta ikikataa, mpongeze mbele ya wenzake. Ikikubali, usimfokee, maana huenda ulimpigia simu wewe mwenyewe usiku ule ukimtaka mfumo ufunguke kabla ya asubuhi. Mpe muda, mpe siku za Jumamosi zenye watu wachache, mpe betri za kompyuta anazoomba, na mpe mtu wa pili wa kumsaidia.

Na ninyi mafundi, mnaonisikiliza mkiwa Malimbe, Bugando, Ilemela, Nansio, popote mlipo: leo mkifika kazini, fungueni yale mafaili ya mipangilio, mtafute neno never. Mkilikuta, wekeni demand, halafu msirudi nyuma mpaka kila mfumo umepita. Mkikwama, au mkigundua mtu amekwisha kuingia, TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kipo kwa ajili ya kupokea taarifa za matukio kama hayo. Wapeni taarifa mapema, na mbadilishe nywila za wote, kuanzia ya mkuu wa taasisi.